Majani ya Oktoba ukiwa DMV: Skyline Drive, Blackwater, Deep Creek au Harpers Ferry?

Kila mwaka ikifika katikati ya Septemba, simu yangu huanza kupokea swali lilelile kutoka kwa watu waliohamia karibuni huku DMV, yaani Washington DC, Maryland na Virginia: "Kaka, yale majani mnayopigia picha yako wapi?" Wengi wanaishi Silver Spring, Hyattsville au Alexandria, wanafanya kazi za zamu, na kwa mwezi wana wikiendi moja tu ya kupumua. Hawataki kuimalizia kwenye foleni ya barabara kuu ya I-66. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, huyu hivi, yule vile. Leo nayaweka majibu pamoja.

Niseme mapema ninakoegemea. Ukiwa na siku mbili na gari zima, nenda Blackwater, West Virginia. Ukiwa na siku moja na mgeni mtu mzima, Skyline Drive. Deep Creek ni ya familia zinazochangishana. Harpers Ferry ni ya asiye na gari, na ya aliyechelewa. Lakini majibu haya yote hugeuka ukiniambia tarehe, kwa hiyo tuanze nayo.

Tarehe kabla ya mahali

Rangi huanzia milimani na kushuka taratibu. Usiku unaporefuka, mti huacha kutunza ile kijani ya jani, yaani klorofili, nayo huisha. Manjano ilikuwemo tangu mwanzo, imefunikwa tu. Nyekundu ni habari nyingine: jani huitengeneza katika wiki hizo za mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani, na linahitaji jua kuitengeneza. Mwaka juzi binti yangu Zawadi aliokota jani la mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, ila katikati lina kivuli cha manjano chenye umbo la jani jingine, ncha na vipembe vyote. Jani la juu lilikuwa limelikalia, likalizibia jua. Ni kama alama ya kandambili kwenye mguu wa mtoto aliyeshinda ufukweni.

Ndiyo maana miaka haifanani. Wiki mbili za jua mchana na ubaridi usiofikia kuganda usiku, wekundu unawaka. Mawingu na joto mfululizo, unapata manjano iliyochoka. Hata hivyo mpangilio wa mahali haubadiliki sana. Nyanda za Dolly Sods, jirani na Blackwater, hutangulia, wiki ya mwisho ya Septemba hadi ya kwanza ya Oktoba. Blackwater na mji wa Davis hufuata, wiki mbili za mwanzo za Oktoba. Deep Creek ni katikati ya Oktoba. Skyline Drive huanza nayo, lakini kwa kuwa barabara iko juu na mabonde yako chini, rangi huteremka ukiitazama na unaweza kuivizia kwa wiki kama tatu. Harpers Ferry ni mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba. Washington yenyewe ni nusu ya kwanza ya Novemba.

Najua uzito wa kalenda hii kwa sababu niliwahi kuipuuza. Mwaka wangu wa pili hapa niliwasomba watu wanne, nikawaendesha zaidi ya saa tatu hadi Dolly Sods wikiendi ya tatu ya Oktoba. Tulikuta matawi matupu na upepo. Shemeji yangu alizunguka gari mara moja, akarudi ndani, akafunga mlango. "Kaka," akasema, "umetuleta kuona kuni." Mpaka leo nikitaja safari yoyote ananiuliza kama abebe shoka.

Na tunauitaje msimu wenyewe? Kamusi hutupa "vuli," lakini kwa mtu wa Tanga au Moshi vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Miezi ni hiyohiyo na mambo yamepishana kabisa: kule watu wanapanda, huku miti inavua nguo. Mimi husema majira ya kupukutika, au naita tu Oktoba, na kila mtu ananielewa.

Skyline na Blackwater zikikaa bega kwa bega

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Skyline Drive ni barabara ya maili 105, yaani kilomita 169, inayopita juu ya mgongo wa milima ya Blue Ridge ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Mwendo wa juu ni maili 35 kwa saa. Ukiikamata yote toka Front Royal hadi Rockfish Gap ni saa tatu bila kusimama, na hakuna asiyesimama, kwa sababu kuna karibu vituo 70 vya kutazamia. Unaegesha, unashusha kioo, bonde lote liko mbele yako. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa: unaona bila kutembea.

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Sikonge, mkoani Tabora, magoti yake yalikuwa yameshakataa ngazi. Tulimpakia na chupa ya chai na maandazi, khanga juu ya koti, tukaingia Front Royal saa mbili asubuhi. Karibu na Skyland, ambapo barabara hufikia kimo chake cha juu kabisa, kama mita 1,120, nikaegesha. Mteremko wote ulikuwa umewiva. Mama akatazama muda mrefu, kisha akauliza: "Baba Zawadi, huku mvua zinaanza lini?"

Ilinichukua sekunde kadhaa kumwelewa. Kwao, kwenye misitu ya miombo, wekundu ni wa majani machanga. Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza halijaanguka, miti huchipua majani mekundu, mengine rangi ya shaba, halafu ndiyo yanageuka kijani. Mtu wa Tabora akiona mlima mwekundu anaanza kunoa jembe. Nikamwambia, mama, huku baada ya wekundu huu inakuja theluji. Akanyamaza kidogo, akajifunga khanga vizuri, akaomba chai nyingine.

Sasa Blackwater. Kutoka Silver Spring ni zaidi ya saa tatu kuelekea magharibi, milima juu ya milima, na ukifika unalala. Kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa. Maporomoko yenyewe yana kimo cha mita kama 17, si ya kumtisha aliyeona Kalambo. Ila maji yana rangi ya chai ya rangi. Si kwa tope: ni rangi inayotoka kwenye sindano za miti jamii ya misonobari zilizoangukia mtoni huko juu, kama vile majani ya chai yanavyokoleza sufuria. Ukiyachota kwenye kikombe cheupe yanaonekana kama chai iliyotiwa majani kidogo na mpishi bahili. Chini ya maporomoko povu hujizungusha, limekuwa la kahawia hafifu, na majani mekundu yanazunguka nalo.

Tofauti ya rangi kati ya sehemu hizi mbili ni ya miti. Shenandoah imejaa mialoni, kwa hiyo kwa ujumla unapata manjano, kahawia na rangi ya kutu, wekundu ukiwa wa hapa na pale. Blackwater na Davis kuna mepo nyingi zilizochanganyika na miti isiyopukutisha, na ule wekundu ukikaa karibu na kijani kibichi unakuwa mkali zaidi. Picha utakazotumia watu nyumbani zitatoka Blackwater. Kwa mgeni mwenye magoti mabovu, ngazi za kushuka hadi karibu na maji ni zaidi ya 200, lakini ng'ambo ya pili kuna njia fupi ya lami iitwayo Gentle Trail, na mtu anaona maporomoko kwa mbali bila ngazi hata moja. Jioni twendeni Lindy Point: robo saa ya kutembea msituni, halafu jukwaa la mbao juu ya korongo, jua likizama.

Na ukiwahi, mwanzoni mwa Oktoba, panda Dolly Sods palipo jirani. Pale hakuna msitu mrefu. Ni uwanda wazi, mawe meupe, na vichaka vya bluberi vilivyogeuka vyekundu chini kabisa ya magoti yako, kana kwamba mtu ametandika mkeka. Misonobari michache iliyopo ina matawi upande mmoja tu, upande mwingine umenyolewa na upepo. Mwinuko ni kama mita 1,200, sawa na Tabora mjini, lakini usidanganyike ukaenda na sweta moja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilifanyia mazoezi ya mizinga huko, na mabomu ambayo hayakulipuka bado hupatikana. Mabango yanaonya. Ukiona chuma cha ajabu kwenye kichaka, kiache, na watoto wabaki kwenye njia.

Kwa upande wa foleni, Blackwater inashinda kwa mbali. Skyline siku ya Jumamosi katikati ya Oktoba, lango la Thornton Gap linaweza kukutia uchungu. Ingia mapema, au zunguka hadi Swift Run Gap kusini zaidi. Wikiendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo ni sikukuu, mimi siendi kabisa.

Jambo moja la Skyline ambalo wengi hupita bila kulijua. Kwenye nguzo ya maili 57.5 kuna Lewis Mountain, kambi ndogo yenye vijumba na meza za kulia chini ya miti. Ilifunguliwa 1939 kwa ajili ya watu weusi peke yao, kwa sababu Virginia ya siku zile haikutaka tukae meza moja na wengine. Ubaguzi huo uliondolewa kabisa hifadhini kufikia 1950. Hata kabla ya hapo, hifadhi ilipoanzishwa 1935, familia za wenyeji wa milimani ziliondolewa mashambani mwao ili kuipisha; habari ambayo msomaji wa kwetu hahitaji kutafsiriwa. Mimi hotpoti langu la pilau hulifungulia Lewis Mountain. Huwa pametulia kuliko Big Meadows, kambi kubwa ya jirani, na mara nyingi paa wanapita karibu na meza.

Fedha, mafuta na simu

Skyline ni dola 30 kwa gari, na tiketi ni ya siku saba. Hulipii vichwa kama Mikumi, kwa hiyo jaza viti. Ukipanga kwenda hifadhi za taifa zaidi ya mara mbili kwa mwaka, kadi ya mwaka ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani. Tangu 2026 asiye mkazi anauziwa kwa dola 250, basi mgeni wako aingie na gari lako. Wanaotaka kupanda mlima wa Old Rag wajue kuna tiketi ya pembeni, dola 2 kwa mtu, inayokatwa mtandaoni kabla ya kwenda, kuanzia Machi hadi mwisho wa Novemba. Sikushauri na watoto: juu kabisa ni kutambaa kwenye miamba.

Gharama ya Blackwater iko kwenye kulala. Loji ya pale na vijumba huwahiwa mapema, kwa hiyo Agosti uwe umeshalipia, la sivyo utalala mbali na kuongeza saa nzima ya barabara. Nilishawahi kupanga nyumba ya mtu binafsi dakika za mwisho. Bei ilionekana nafuu, kumbe ada ya usafi ilikuwa karibu sawa na kodi ya usiku mmoja, na mashuka tuliambiwa tubebe wenyewe. Soma mpaka mstari wa mwisho.

Mafuta: ndani ya Shenandoah sheli ni moja tu, Big Meadows. Kwenda West Virginia, jaza tangi kabla ya kupanda milima. Mtandao haushiki sehemu nyingi za kote kuwili, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado nyumbani. Na kupe! Huku kupe wadogo wenye ugonjwa wa Lyme wanaendelea kutembea Oktoba na Novemba. Suruali ndani ya soksi, na jioni watoto wakaguliwe nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele, kama tulivyokuwa tunakagua mbwa.

Deep Creek, kwa wanaochanga

Deep Creek Lake iko Maryland magharibi kabisa, kaunti ya Garrett, saa tatu hivi kwa I-70 na I-68. Ni ziwa la kutengenezwa, lilijazwa miaka ya 1920 kwa ajili ya umeme. Faida yake ni nyumba kubwa: familia tatu au nne mnachanga, mna jiko kamili, watoto wana pa kukimbia, na wazee wana kiti cha kukaa wakitazama maji. Kama mnachotafuta ni kukaa pamoja na majani yawe pambo la dirishani, hapa hapana mpinzani. Mji wa Oakland una sherehe zake za Oktoba, Autumn Glory, zenye maandamano na bendi za shule, na wiki hiyo bei hupanda.

Kama ni majani hasa, nina shaka kidogo. Swallow Falls, hapo jirani, ni pazuri, kuna mzunguko wa kilomita 2 unaopita maporomoko kadhaa, lakini miti mikubwa ya pale ni ya aina isiyopukutisha. Mnatembea ndani ya kijani. Njiani msikose Sideling Hill, pale I-68 ilipokata mlima katikati: tabaka za mwamba zimepinda kama mkeka uliokunjwa, na kuna sehemu ya kuegesha.

Harpers Ferry, kwa asiye na gari

Mji mdogo pale mito ya Potomac na Shenandoah inapokutana, na majimbo matatu yanatazamana: Maryland, Virginia na West Virginia. Thomas Jefferson alifika 1783 akasema mandhari yake yanatosha mtu kuvuka Atlantiki kwa ajili yake tu. Sisi tulivuka kwa sababu nyingine, lakini ukisimama kwenye jiwe lenye jina lake mwisho wa Oktoba, humbishii.

Treni inafika katikati ya mji. Ya MARC, yaani treni za abiria za Maryland, njia ya Brunswick, huenda siku za kazi tu, kwa hiyo mpango ni Ijumaa jioni kutoka Union Station ya Washington, mnalala, kisha Jumapili mnarudi na Amtrak, treni ya masafa marefu, ambayo hupita mara moja kwa siku. Inatoka Chicago, safari ya usiku kucha, kwa hiyo huweza kuchelewa. Usiahidi mtu miadi ya Jumapili jioni. Ukifika, kila kitu ni kwa miguu. Kupanda Maryland Heights kwenda na kurudi ni kilomita kama 7, na juu unauona mji wote umekaa kwenye ncha ya ardhi kati ya mito miwili. Njia ni ya kupanda kweli, pumzi ya mtu hukatika.

Wengi huja kwa habari za John Brown, aliyevamia ghala la silaha hapo 1859 akitaka kuwasha uasi wa watumwa. Mimi huwapeleka wageni juu zaidi, kwenye majengo ya kilichokuwa chuo cha Storer, kilichoanzishwa 1867 kusomesha waliotoka utumwani. Miaka ya 1920 alisoma hapo kijana kutoka Nigeria, Nnamdi Azikiwe, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa nchi yake. Ukikaa kwenye nyasi pale, majani ya manjano yakidondoka moja moja, unajiuliza Oktoba yake ya kwanza aliiona vipi, na kama naye aliuliza habari za mvua.

Kwa rangi peke yake, Harpers Ferry ni ya nne kati ya zote. Iko chini, ni manjano zaidi kuliko nyekundu. Lakini ndiyo pekee niliyoipenda hata mwaka ambao majani hayakuwa na maana yoyote.

Ukikosa zote

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama saa kumi na moja jioni. Tofauti na nyumbani inakuwa saa nane badala ya saba, kwa hiyo kumbuka kabla ya kumpigia mama mkwe. Safari ndefu ya mchana mmoja haina faida tena. Hapo nenda Boyce, Virginia, kando ya barabara kuu namba 50, kwenye bustani ya miti ya jimbo inayoitwa Blandy. Kuingia ni bure. Kuna kisitu cha miti ya ginkgo zaidi ya 300, yote inageuka manjano kwa pamoja kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, na inaweza kumwaga majani yote kwa siku moja au mbili baada ya baridi kali. Chini panakuwa pamejaa vijani vyenye umbo la kipepeo cha ukili. Angalia unapokanyaga tu: miti ya kike huangusha mbegu zenye nyama laini, na harufu yake ikiingia kwenye soli mtarudi Silver Spring madirisha wazi.